Kabla ya Kushika Kalamu

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumzie jambo ambalo watu wengi hulidharau, nalo ni kazi inayotakiwa kufanyika kabla ya kuanza kuandika. Sitazungumzia mwandiko mzuri, wala nukta na mkato. Nazungumzia ile saa moja au nusu saa ambayo mtu hukaa na mawazo yake, akayakusanya, akayachambua na kuyapanga, ndipo akaandika barua yake, insha yake, au andiko la kuombea mkopo.

Kwa nini nimechagua jambo hili? Hapa Tunduma watu wanaandika kuliko wanavyofikiri wenyewe. Mji huu uko mpakani. Lori zinazopandisha bidhaa Zambia na Kongo, na zinazoteremsha shaba kwenda bandari ya Dar es Salaam, zinapita hapa. Reli ya TAZARA inapita hapa. Tangu Kituo cha Huduma kwa Pamoja cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe rasmi mwaka 2019, shughuli zimeongezeka. Penye biashara pana mikataba, pana madai, pana malalamiko. Na penye mji unaokua, pana ugomvi wa viwanja. Mambo yote hayo, mwisho wake huwa ni karatasi juu ya meza ya mtu fulani.

Nimekaa mara nyingi kwenye mabenchi ya ofisi mbalimbali nikingoja zamu yangu. Nimewaona wananchi wakitoka na barua zao mikononi, wameambiwa wakaandike upya. Aghalabu si kwamba hawana haki. Barua yenyewe haisemi haki yao ni ipi. Ina kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ni salamu na masikitiko, wa pili ni matusi aliyotukanwa, na wa tatu ni historia ya ukoo. Ombi lenyewe limejificha mstari wa mwisho, au halimo kabisa. Ofisa ana barua arobaini mezani. Atafanya nini? Ataiweka kando.

Ndugu msikilizaji, tusidhani kwamba kujipanga kabla ya kusema ni jambo la wasomi tu. Wazee wetu walilijua. Mshenga anapotumwa kwenda kuposa, haendi hivihivi. Hukalishwa kwanza, akaelezwa mambo yote, akaambiwa lipi litangulie, lipi lisubiri, na lipi lisitamkwe hata akibanwa. Mshenga aliyekwenda bila kukalishwa huaibisha ukoo mzima. Warumi wa kale nao, enzi za Cicero, walifundisha kwamba kazi ya msemaji ina sehemu tano. Ya kwanza ni kuzitafuta hoja, na ya pili ni kuzipanga. Uteuzi wa maneno ulikuja wa tatu. Sisi leo tunaanzia hapo pa tatu, kisha tunashangaa kwa nini tunakwama.

Sasa njia ni zipi? Ziko nyingi. Nitaeleza nne za kukusanyia mawazo, halafu nitaeleza namna ya kuyapanga. Na ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano. Tuseme yuko mama mjane hapa kwetu ambaye mume wake alinunua kiwanja Mpemba mwaka 2009. Mume amefariki. Jirani amesogeza uzio wake na kuingia ndani ya kiwanja. Mama anataka kuandika barua ya malalamiko. Aanzie wapi?

Njia ya kwanza ni kumimina. Mama achukue karatasi moja aiorodheshe kila kitu kinachomjia kichwani kuhusu kiwanja kile, bila kuchagua, bila kujali kipi kikubwa na kipi kidogo. Uzio umesogezwa. Jirani alinitukana. Hati ya mauziano ipo kwenye sanduku. Mwembe wa mpakani umekatwa. Shemeji anasema kiwanja ni cha ukoo. Watoto wanasoma. Nimekwenda kwa mwenyekiti mara tatu. Mashahidi wa mauziano walikuwa wawili, mmoja yu hai. Mfereji wa maji ulikuwa upande wa barabara. Sina fedha ya wakili. Basi, aandike mpaka kichwa kiwe kitupu.

Sharti la njia hii ni moja, nalo ni gumu kulitimiza: usihukumu wakati unamimina. Mmarekani mmoja, Alex Osborn, aliyekuwa mtu wa matangazo ya biashara, alieleza miaka ya 1940 na 1950 namna ya watu kutoa mawazo kwa pamoja, na akasisitiza kwamba ukosoaji uwekwe kando mpaka mawazo yote yamekwisha kutolewa. Kwa Kiswahili tunaita bunga bongo. Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Akili ya kutafuta na akili ya kukosoa hazifanyi kazi vizuri zikiwa pamoja. Mama akianza kujiuliza, "Hili la mwembe lina maana gani?", ataliacha. Kumbe mwembe ule ndio uliokuwa alama ya mpaka.

Njia ya pili ni maswali. Wengi wenu mnayajua: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, na kwa namna gani. Waandishi wa habari hulishwa maswali haya tangu siku ya kwanza kazini, na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling aliyafanya maarufu katika kitabu cha hadithi za watoto cha mwaka 1902. Faida ya maswali ni kwamba yanakuonyesha usichokuwa nacho. Orodha ya kumimina inakueleza unachokijua. Maswali yanakueleza kilichopungua.

Hebu tumrudie mama yetu. Nani? Aliyesogeza uzio ni jirani mwenyewe, au ni mpangaji wake? Nini? Ameingia hatua ngapi, na upande gani? Wapi? Mtaa gani, kata gani, kiwanja kinapakana na nani kaskazini, kusini, mashariki na magharibi?

Swali la "lini" nataka nikae nalo kidogo, maana hapo ndipo watu wanapopoteza haki. Sheria yetu ya ukomo wa madai inatoa miaka 12 kudai ardhi mahakamani. Ukiandika tu kwamba "zamani kidogo jirani aliingia kwenye kiwanja changu", hujamsaidia anayesoma. Ilikuwa 2010 au 2022? Kati ya miaka hiyo miwili pana tofauti ya shauri lililo hai na shauri lililochelewa. Mama akiwa hakumbuki tarehe, ajiulize kwa matukio: je, uzio ulisogezwa kabla ya mazishi ya mume au baada? Mtoto wa kwanza alikuwa darasa la ngapi? Hivyo ndivyo mtu huupata mwaka.

Kuna la ziada kwa sisi wa mkoa huu. Hati ya mauziano ya mwaka 2009 haiwezi kuwa na jina la Mkoa wa Songwe, kwa kuwa mkoa huu ulianzishwa mwaka 2016 baada ya kumegwa kutoka Mbeya. Na Wilaya ya Momba ilikuwa haijazaliwa, ilianzishwa mwaka 2012. Kwa hiyo karatasi ya mama itasoma Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Ofisa kijana aliyehamishiwa hapa majuzi kutoka mikoa ya mbali anaweza kutatizwa na jambo hilo. Mstari mmoja wa maelezo kwenye barua unamaliza mashaka. Lakini mstari huo hauji wenyewe. Unakuja kwa sababu mtu aliuliza "wapi" na "lini" kabla ya kuandika.

Njia ya tatu ni mchoro. Andika jambo lako kuu katikati ya karatasi, ulizungushie duara. Kutoka kwenye duara hilo chora mistari kama miguu ya buibui, na kila mguu upe kichwa chake. Kwa mama yetu, katikati ataandika "Kiwanja cha Mpemba". Mguu wa kwanza: jinsi tulivyokipata. Mguu wa pili: mipaka. Mguu wa tatu: uvamizi. Mguu wa nne: hatua nilizochukua. Mguu wa tano: ninachoomba. Kisha kila neno la orodha ya kwanza atafutie mguu wake. Mwembe na mfereji vinakwenda kwenye mipaka. Hati na shahidi vinakwenda kwenye jinsi tulivyokipata. Safari tatu kwa mwenyekiti zinakwenda kwenye hatua nilizochukua.

Mwingereza Tony Buzan aliieneza michoro ya namna hii kupitia televisheni ya BBC mwaka 1974, lakini usidhani unahitaji televisheni. Kijiti na vumbi la uwanjani vinatosha. Uzuri wa mchoro ni kwamba unaona kwa jicho mguu ulionenepa na mguu uliokonda. Mguu wa malalamiko ukiwa na vitu kumi na mguu wa ombi ukiwa mtupu, umekwisha kujua kasoro ya barua yako kabla hujaiandika.

Njia ya nne ni kuandika mfululizo bila kusimama. Mmarekani Peter Elbow aliipigia debe katika kitabu chake cha mwaka 1973. Unatazama saa, unaandika dakika kumi bila kuinua kalamu, bila kufuta, bila kurudi nyuma. Ukikosa la kusema, andika "sijui niseme nini" mpaka neno lije. Njia hii inawafaa wale ambao wana uchungu na jambo lao. Hasira yote inatoka kwenye karatasi hiyo, na karatasi hiyo haiendi ofisini. Inabaki nyumbani. Baadaye ukiisoma kwa utulivu, unapigia mstari sentensi mbili tatu zenye maana, nyingine unaziacha. Asiyezoea kuandika anaweza kujirekodi kwenye simu yake akieleza kisa chote, halafu akakisikiliza akiwa na kalamu mkononi.

Na hapa niseme neno kuhusu lugha. Wengi wetu tunaota ndoto kwa Kinyamwanga, Kinyiha, Kindali au Kilambya. Katika hatua hii ya kukusanya, fikiri na andika kwa lugha inayokuja kwa urahisi. Hakuna anayekagua. Kiswahili sanifu kitakuja wakati wa kuandika barua yenyewe. Mtu anayekazana kutafuta neno la Kiswahili la mfereji wa mpakani wakati anakumbuka, atasahau lililokuwa likimjia nyuma yake.

Ndugu msikilizaji, tumekwisha kukusanya. Sasa tunapanga, na hapa kazi ni ya aina nyingine kabisa. Wakati wa kukusanya tulikataza kuhukumu. Wakati wa kupanga tunahukumu kwa ukali.

Kwanza, chuja. Chukua kila neno kwenye orodha yako uliulize: je, unamsaidia anayesoma kuamua? Matusi ya jirani yanauma, lakini hayaonyeshi mpaka uko wapi. Yafute. Madai ya shemeji kwamba kiwanja ni cha ukoo je? Hayo usiyafute, hata kama yanakuumiza. Upande wa pili utayaleta, na ni afadhali yajibiwe na wewe mapema kwa hati ya mauziano. Mwandishi mzuri hukusanya pia hoja za anayempinga.

Pili, tafuta sentensi moja inayobeba jambo lote. Mama aseme: "Naomba baraza lifike kwenye kiwanja, lipime mpaka, na limtake jirani arudishe uzio mahali pake." Mtu asiyeweza kusema ombi lake kwa sentensi moja hajawa tayari kuandika. Arudi kwenye mchoro. Na ajue anamwandikia nani na ana uwezo gani. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata katika migogoro ya ardhi limebakiwa na kazi ya kusuluhisha. Hukumu ni kazi ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo barua ya kuomba baraza la kata "limfunge jirani" imeomba kisichokuwepo.

Tatu, chagua mpangilio. Upo mpangilio wa wakati, unaoanza na lililotangulia ukaishia na la mwisho. Huo unafaa kwa visa na madai. Upo mpangilio wa mahali, kama unaeleza mipaka au shamba. Upo wa sababu na matokeo. Upo wa tatizo na utatuzi, ambao unafaa sana maandiko ya kuomba fedha. Usichanganye miwili mitatu katika aya moja, msomaji atapotea.

Vijana wetu wanaopakia lori pale stendi wanalijua jambo hili bila kufundishwa darasani. Mzigo wa kushushwa Vwawa haupakiwi chini kabisa, juu yake ukawekwa mzigo wa Mbeya, ukafunikwa na wa Makambako. Utingo anauliza kwanza: lipi linashuka mwanzo? Na kwa maandishi ni hivyohivyo. Jambo analohitaji msomaji kwanza liwe karibu na mlango. Ndiyo maana ombi la mama litajwe mapema, kwenye kichwa cha barua na aya ya kwanza, na ushahidi ufuate.

Nne, andika muhtasari. Mistari mitano inatosha, kila mstari aya moja. Aya ya kwanza: mimi ni nani na ninaomba nini. Ya pili: tulivyokipata kiwanja, mwaka 2009, hati na shahidi. Ya tatu: mipaka ilivyokuwa. Ya nne: uvamizi, mwaka na kiasi. Ya tano: hatua nilizochukua na viambatisho. Basi. Mama mwenye mistari mitano hii anaweza hata kumpa mtu mwingine amwandikie, na barua ikabaki kuwa yake. Mama asiye nayo, anayemwandikia ndiye atakayeamua kisa chake kiweje.

Wanafunzi nao nisiwasahau. Mkiwa kwenye chumba cha mtihani wa Kidato cha Nne mnaona wenzenu wamekwisha kuanza kuandika insha, nanyi mnaingiwa na hofu. Tulieni. Dakika tano za kuchora buibui pembeni ya karatasi hazipotei. Tuseme umeambiwa uandike kuhusu Kimondo cha Mbozi. Asiyejipanga ataandika kwamba kimondo ni kikubwa, kizuri, na watalii wanakipenda, kisha atarudia hayo mpaka ukurasa uishe. Aliyejiuliza maswali atakuwa na la kusema. Nini? Jiwe la chuma na nikeli kutoka angani. Ukubwa gani? Urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Wapi? Mlima Marengi, wilayani Mbozi. Lini? Dunia ya nje ilipata habari zake mwaka 1930 kupitia kwa mpima ardhi W. H. Nott. Na hapo swali la "nani" linazaa hoja nzuri: je, ni sawa kusema kiligunduliwa 1930, hali wenyeji waliishi nacho kabla ya hapo? Insha imepata uti wa mgongo.

Vikundi vinavyoomba mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ushauri ni huohuo. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024, na waombaji ni wengi. Msimwachie katibu peke yake andiko la mradi. Kaeni wote, kila mmoja amimine: mtaji, soko, mshindani, hasara ya mwaka jana, nani atatunza fedha, mvua ikikatika je? Anayeuza mahindi mpakani anajua jambo ambalo katibu hajui. Likikosekana kwenye karatasi, mtahojiwa juu yake na mtatazamana.

Wako watakaoniambia kwamba siku hizi simu inaandika yenyewe, ukiiuliza akili mnemba inakutolea barua nzima kwa dakika moja. Ni kweli, na barua hiyo itakuwa na lugha safi. Lakini simu haijui mwembe wa Mpemba. Haijui ni shahidi yupi yu hai. Usipoipa mambo hayo, itakuandikia barua ya mtu yeyote, nayo haimsaidii mtu yeyote. Kazi ya kukusanya imebaki kuwa ya mwenye jambo.

Wengine watasema hawana muda. Nami nawauliza, nauli ya kwenda na kurudi ofisini mara nne ni shilingi ngapi? Na siku nne zilizopotea bila kufungua genge? Haraka haraka haina baraka, na barua iliyorudishwa ni ushahidi wake.

Basi juma hili nawapa kazi. Kila mmoja ana karatasi anayoiahirisha: ombi, dai, maelezo ya kikundi, au barua kwa mwalimu wa mtoto. Leo usiiandike. Chukua karatasi chakavu, mimina yote, yaulize maswali sita, yachoree miguu, halafu ulale. Kesho yachuje na uandike mistari mitano. Wenye migogoro ya ardhi, anzeni na swali la lini, maana miaka 12 haimsubiri mtu.

Nawatakia juma jema.